Asumini, kilua na mlangilangi: Jinsi ya kulea bustani ya maua ya kunukia Kongowea

PWANI ya Kenya ina desturi yake ya maua. Katika miji mingi ya bara, ua huthaminiwa kwa rangi na urefu wa shina lake. Mombasa, jambo la kwanza linaloulizwa ni iwapo linanukia. Asumini hutungwa uzini na kuwa koja, au hutandazwa kitandani mwa maharusi. Kikuba, yaani kifungu kidogo cha majani na maua kama vile mrehani, mkadi na asumini, huvaliwa na wanawake kifuani au nyweleni.

Katika mitaa kama Kongowea, ambako nyumba zimesongamana na viwanja ni vidogo, ni rahisi mti wa maua kuwa wa kwanza kukatwa panapojengwa chumba cha kupangisha. Hata hivyo, bustani ya maua haya haihitaji shamba. Ua wa nyuma, ukuta mmoja unaopata jua au vyungu vichache barazani vyatosha, mradi mwenye nyumba achague mimea inayokubaliana na mahali.

Udongo na maji

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mombasa bara ya kaskazini ni mchanga uliolala juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo wa aina hii una chokaa nyingi, hauhifadhi maji wala rutuba, na huizuia mimea kupata madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Wengi hukosea kwa kutia jivu, ilhali jivu huzidisha hali hiyo. Dawa yake ni mboji.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu. Mivinje ilistahimili, majongoo wakala majani yake yaliyoanguka, na polepole ukapatikana udongo mweusi ulioiwezesha mimea mingine kumea. Mahali hapo leo panaitwa Haller Park.

Mkazi wa Kongowea ana nafasi nzuri ya kufuata njia hiyo, kwani soko kuu liko karibu naye. Maganda ya matunda, majani ya mboga na makumbi ya nazi yanayotupwa huko, yakichanganywa na samadi ya mbuzi na kuachwa yaoze kwa miezi mitatu au minne, hutoa mboji safi.

Kuhusu maji, mfereji si wa kutegemewa kila siku, na maji ya visima vingi yana chumvi. Chumvi huunguza kingo za majani. Anayelazimika kutumia maji ya kisima ayamwage shinani, si juu ya majani, na akinge maji ya mvua kutoka paani kwa ajili ya vyungu.

Maua ya kuchagua

Asumini ndiyo ya kuanza nayo. Hupenda jua na hukua vyema chunguni. Matumba yake hufunguka jioni, ndiyo sababu huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba. Kwa kuwa maua hutokea kwenye matawi machanga, mche usiopogolewa hurefuka bila kuchanua.

Kilua ni fahari ya Pwani. Mti wake, mkilua, humea katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970, mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliupa jina la kisayansi la Mkilua fragrans, akilichukua neno la Kiswahili jinsi lilivyo. Kwa kuwa ni mti wa chini ya miti mingine, huhitaji kivuli na hukua polepole. Mche ununuliwe kitaluni au uoteshwe kwa mbegu, wala using'olewe msituni.

Mlangilangi hutoa maua ya kijani yanayogeuka manjano yanapokomaa, na hapo ndipo harufu yake hukolea. Visiwani Komoro, mafuta yake ni bidhaa muhimu inayouzwa kwa watengenezaji wa manukato. Ukiachwa, mti huu hupita paa la nyumba. Hivyo, kilele chake hukatwa mapema ili matawi yatanuke kando na maua yafikiwe kwa mkono.

Mrehani huota kwa mbegu katika siku chache, na huendelea kutoa majani iwapo vichwa vya maua vinachumwa mara kwa mara. Mkadi una miiba na huhitaji nafasi. Isitoshe, ni mkadi dume pekee unaotoa ua la kunukia.

Waridi huwavutia wengi, lakini aina zinazokuzwa Naivasha, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huteseka katika joto la Mombasa. Ni bora kutafuta kipandikizi cha mwaridi uliokwisha kuzoea Pwani.

Upandaji na utunzaji

Wakati mwafaka ni mwanzo wa mvua za masika, ambazo Mombasa huitwa mwaka, kuanzia Aprili. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba pia hufaa, lakini mche utakabiliwa na kaskazi na jua kali la Januari hadi Machi kabla haujashika mizizi.

Shimo lichimbwe sentimita 60 kwenda chini na upana uo huo, kisha lijazwe mchanganyiko sawa wa udongo na mboji. Kipandikizi cha asumini kiwe na urefu wa sentimita 15 hivi, na kiwekwe kivulini hadi kitoe mizizi. Maji yatiwe asubuhi na mapema, na shina lizungushiwe matandazo ya makumbi ya nazi. Vidukari huondolewa kwa kunyunyizia maji yenye sabuni kidogo.

Tahadhari

Bustani inaweza kuleta maradhi isipoangaliwa. Mombasa ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka huo wa 2017 ukaingia ugonjwa wa chikungunya. Mbu anayeeneza maradhi hayo huuma mchana na huzaliana katika maji machache yaliyotuama, yakiwemo ya visahani vya vyungu. Visahani hivyo vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwa maana mayai hunata kandoni na huweza kukaa makavu kwa miezi.

Aidha, si kila ua zuri lafaa nyumba yenye watoto. Oleanda ina sumu kuanzia jani hadi ua, nalo waridi la jangwani lina utomvu ambao katika sehemu za Afrika umetumiwa kutia sumu mishale. Mimea hiyo ikae mbali na mikono midogo, au isipandwe kabisa.