Leleshwa na Wageni wa Australia

Anayechagua kichaka cha kupanda uani Kiserian leo anaendeleza uamuzi uliofanywa na wakoloni. Mkaratusi uliletwa Kenya kutoka Australia mnamo 1902 ili kuzipatia kuni injini za Reli ya Uganda, na leo umeenea hadi Milima ya Ngong. Jamaa zake wakafuata bustanini: kichaka chenye maua mekundu mfano wa brashi ya kusugulia chupa, na mti-chai unaokamuliwa mafuta ya ngozi. Tuliwazoea wageni hawa hata kitalu kikaonekana hakijakamilika bila wao. Wakati huohuo leleshwa, kichaka cha Umasaini chenye majani ya kijivu, meupe kwa chini, kikawa cha kufyekwa na kuchomwa makaa. Ukifikicha jani lake, harufu ya kafuri inabaki vidoleni. Wamorani walilitia kwapani kama manukato.

Watetezi wa wageni wana hoja. Maua mekundu huwalisha chozi na nyuki, na mikaratusi imeiokoa misitu ya asili kwa kutoa kuni na nguzo. Ni kweli, lakini mti-chai kwao hupenda penye maji, na Kiserian maji hununuliwa kwa boza. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya vyanzo vya maji. Somo lile halijafika kwenye nyua zetu. Leleshwa ikishashika huvumilia kiangazi bila kumwagiliwa. Mwenye ploti anayefyeka aanze kwa kuiacha ile aliyoikuta.