Itaewon: Doria na Umati katika Mtaa wa Starehe wa Seoul

Itaewon ni mtaa wa wilaya ya Yongsan jijini Seoul, kusini mwa mlima Namsan. Sifa yake ya starehe za usiku ilitokana na kambi ya jeshi. Wajapani walijenga kambi Yongsan mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani wakaichukua mwaka 1945, na baada ya Vita vya Korea vya 1950–1953 ikawa makao ya uongozi wa majeshi ya Marekani nchini Korea Kusini. Jirani na kambi wakajazana mafundi cherehani, wauza viatu, wenye baa na kumbi za muziki, pamoja na madanguro ya kilimani. Wateja walikuwa askari vijana wenye dola mfukoni, katika nchi iliyokuwa bado maskini.

Ulinzi wa mtaa ulifuata hali hiyo. Askari polisi wa jeshi la Marekani walipita baa hadi baa wakiwachunga wenzao, na polisi wa Korea wakawaangalia raia. Raia hao waliishi chini ya amri ya kutotoka nje, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, iliyodumu tangu 1945 hadi Januari 1982. Mkataba wa mwaka 1966 ndio uliopanga ni kosa gani la askari wa Marekani lihukumiwe na mahakama ya nani, na kila ugomvi mkubwa wa Itaewon ulifufua manung'uniko juu yake. Hasira iliongezeka Aprili 1997, mwanafunzi wa Kikorea alipouawa kwa kisu katika choo cha mkahawa mtaani humo. Washukiwa walikuwa vijana wawili Wamarekani. Mmoja aliondoka nchini, na hakuhukumiwa kwa mauaji hayo hadi mwaka 2016. Baada ya Septemba 2001 jeshi la Marekani nalo liliwawekea askari wake amri ya kurudi kambini usiku. Amri hiyo iliondolewa 2010, ikarudishwa 2011, ikasitishwa 2019.

Jambo moja linaonekana katika miaka yote hiyo: polisi hawakukosekana Itaewon, lakini walikwenda kumtafuta mhalifu. Jicho la doria lilizoea mlevi, mwizi, mgomvi, muuza dawa za kulevya. Umati wa watu wasio na kosa lolote haukuwa kazi ya doria, na mazoea hayo yalibaki hata mtaa wenyewe ulipokuwa umebadilika kabisa.

Mabadiliko yalikuwa makubwa. Hoteli ya Hamilton ilifunguliwa mwaka 1973 kando ya barabara kuu, na mwaka 1976 Msikiti Mkuu wa Seoul ukafunguliwa juu kilimani, ukivuta maduka ya nyama halali na wageni kutoka nchi za Kiislamu. Michezo ya Olimpiki ya 1988 ilileta watalii, na mwaka 1997 serikali ikautangaza mtaa kuwa eneo maalumu la utalii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukapata kituo cha treni ya chini ya ardhi. Makao makuu ya majeshi ya Marekani yalipohamia Pyeongtaek mwaka 2018, wateja wengi walikuwa tayari vijana wa Kikorea. Hao ndio walioifanya Halloween, sherehe ya mwisho wa Oktoba yenye mavazi ya kutisha, kuwa usiku mkubwa kuliko yote Itaewon. Vichochoro vya nyuma, vyenye baa nyingi zaidi, vilibaki vyembamba na vya mteremko kama zamani.

Sheria haikuendana na hali hiyo. Mwaka 2005 watu 11 walikufa kwa kubanana kwenye lango la uwanja wa Sangju, walipokuwa wakiingia kutazama onyesho la muziki. Miongozo ya usalama iliyowekwa Korea Kusini tangu hapo ilimbana mwandalizi: yeye ndiye alete mpango, aweke walinzi, azungumze na polisi. Kwa tamasha lenye uzio na tiketi utaratibu huo unafaa. Halloween ya Itaewon haikuwa na mwandalizi wala lango, watu walijiendea tu. Nchini Japani, watu 11 walikufa mwaka 2001 kwenye daraja la waenda kwa miguu mjini Akashi, wengi wao watoto, na huko afisa wa polisi alitiwa hatiani kwa kutousimamia umati. Funzo hilo lilikuwa jirani kabisa.

Jumamosi ya Oktoba 29, 2022 ilikuwa Halloween ya kwanza tangu masharti ya korona yaondolewe. Zaidi ya watu 80,000 walishuka siku hiyo katika kituo cha Itaewon, na treni ziliendelea kusimama hapo hata njia zilipokuwa zimefurika. Polisi walipeleka askari 137, wengi wao kwa ajili ya dawa za kulevya, wizi na udhalilishaji wa kijinsia. Vikosi vilivyofunzwa kuongoza umati vilikuwa kwenye maandamano mahali pengine jijini. Kando ya Hoteli ya Hamilton kuna kichochoro cha mteremko, chenye urefu wa mita 40 hivi na upana wa mita 3.2 pale kinapobana zaidi. Waliotoka kituoni walipanda na waliotoka kwenye baa waliteremka, hakuna aliyewatenganisha.

Saa 12:34 jioni mtu alipiga simu polisi na kueleza kwamba watu wangeweza kubanwa hadi kufa. Hadi saa 4:11 usiku simu za namna hiyo zilifika 11. Polisi wenyewe walisema walituma askari kwa simu nne tu. Saa 4:15 watu wakaangukiana. Watu wanapofikia 6 au 7 katika mita moja ya mraba, hakuna anayeweza kuamua aende wapi. Msukumo hupita mwilini kwa kila mmoja, kifua hakipanuki, na mtu hukosa pumzi akiwa amesimama wima. Walionaswa humo hawakuwa na kosa. Waliopoteza maisha ni 159, wengi wa umri wa miaka 20 na kitu, wakiwemo wageni 26. Kituo kidogo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara.

Uchunguzi ulibaini kwamba maafisa wa intelijensia wa kituo cha polisi cha Yongsan walikuwa wameandika mapema kuhusu hatari ya umati, na kwamba ripoti hiyo ilifutwa baada ya maafa. Wakuu waliohusika na ufutaji walihukumiwa mwaka 2024. Mwaka huohuo mahakama ya mwanzo ilimfunga miaka 3 aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi cha Yongsan. Mkuu wa wilaya aliachiwa huru, kwa kuwa sheria za wakati ule hazikuipa wilaya mamlaka ya kuutawanya umati. Familia za marehemu hazikuridhika, na ni vigumu kuzilaumu: mwanya ulioua watoto wao ndio uliowakinga wakubwa. Zilidai uchunguzi huru, na Bunge likapitisha sheria maalumu ya kuuanzisha Mei 2024.

Mwanya wenyewe ulizibwa kwa marekebisho yaliyopitishwa Desemba 2023, yanayozitaka serikali za mitaa zipange usalama hata kwa mikusanyiko isiyo na mwandalizi. Tangu Halloween ya 2023 polisi na maafisa wa wilaya huweka vizuizi vinavyogawa njia ya kwenda na ya kurudi, na kamera hupima msongamano wa watu vichochoroni na kutoa tahadhari unapozidi.