Kukodi au Kununua Bajaji ya Umeme: Hasara ni ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Vijana wa Kilwa Kisiwani na Songo Songo huvuka kwenda Masoko, Somanga na Lindi mjini kutafuta riziki, na wengi huipata kwenye pikipiki na bajaji. Sasa vyombo vya umeme vimeingia nchini, na wazazi wanauliza: tumnunulie kijana, au akodi? Jibu la kisheria na la kihesabu linarudi kwenye jambo moja: chombo kikiharibika, hasara ni ya nani?

Kununua (bai)

Mnunuzi anamiliki chombo tangu siku ya mkataba, hata kama analipa kidogo kidogo. Hasara ni yake. Bei ya kulipa kwa awamu inaweza kuzidi ya taslimu, mradi pande mbili zikubaliane bei moja kabla ya kuachana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC lilipitisha hivyo Jeddah mwaka 1990, katika azimio namba 51. Azimio hilo linakataza kumwongezea mnunuzi deni akichelewa kulipa. Hiyo ni riba.

Anayenunua kupitia benki ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, ahakikishe benki inakimiliki chombo kwanza, ndipo imuuzie.

Kukodi (ijara)

Mwenye mali anabaki mmiliki, na dereva analipia manufaa tu kwa muda na malipo yanayojulikana. Matengenezo makubwa, bima, na hasara isiyotokana na uzembe wa dereva ni juu ya mmiliki. Gharama ya kuchaji ni ya dereva.

"Mkataba" wa mtaani

Dereva hupeleka hesabu kila siku, na muda ukiisha chombo ni chake. Tatizo ni mikataba inayogeuka. Dereva akichelewesha hesabu anaambiwa, "Chombo ni changu, lete funguo." Kikiibwa anaambiwa, "Ulishanunua, malizia deni." Hapo mwenye mali amechukua faida ya mmiliki na kukwepa hasara ya mmiliki.

Baraza hilo hilo, katika azimio namba 110 la Riyadh mwaka 2000, lilikataza mikataba miwili tofauti juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Liliruhusu iwapo ni ijara ya kweli, bima iko juu ya mmiliki, na umiliki unahamishwa mwishoni kwa mkataba wa peke yake, au kwa ahadi ya zawadi.

Chukua mfano. Bajaji ya kukodi tu ni shilingi 10,000 kwa siku. Ya mkataba ni 15,000. Ile 5,000 ya ziada inalipwa kwa matumaini ya kumiliki. Baada ya siku 200 bajaji inaungua bila kosa la dereva. Kiwango namba 9 cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kinarudisha hesabu kwenye kodi ya kawaida ya soko. Kwa hiyo dereva arudishiwe 1,000,000.

Betri

Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa, na nguvu zake hupungua kwa miaka. Ukinunua, upungufu huo ni wako. Ukikodi, ni wa mmiliki. Ipo njia ya tatu: kununua chombo na kukodi betri. Ampersand ya Kigali huwauzia madereva pikipiki, na betri zinabaki za kampuni; dereva hubadilisha kituoni. Hakuna kizuizi kila kitu kikiwa na mkataba wake na bei yake. Lakini bila kituo cha karibu, chombo ni chako na hakitembei.

Kwa mtu wa Kilwa, Dar es Salaam iko takriban kilomita 300. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara hiyo. Asiye na fundi wala vipuri karibu, ijara ya kweli ya muda mfupi ni salama zaidi kwake kuanzia. Akinunua, achague betri anayoweza kuchaji nyumbani kwa LUKU.

Uliza kabla ya kusaini

1. Huu ni uuzaji au ukodishaji?
2. Kikiibwa au kuungua bila uzembe, nani anabeba?
3. Nikichelewa kulipa, deni linaongezeka?
4. Dhamana ya betri ni miaka mingapi, na ikishuka kiasi gani nabadilishiwa?
5. Umiliki utahamishwa lini, na kwa maandishi gani?

Suratul Baqara, aya ya 282, inaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Basi tusitosheke na neno la kijiweni, hata baina ya ndugu. Mpelekee sheikh mkataba kabla ya kijana kuweka sahihi, kwani baada ya hapo kinachobaki mara nyingi ni kuamua ugomvi.

Wallahu a'lam.