Askari Waondoke au Wabaki? Swali la 1979 Lililoishia Karagwe na Kyerwa

Julai 1979, mjini Monrovia, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walibishana juu ya jambo ambalo mkataba wao ulikuwa umelikataza tangu 1963: nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya mwenzake. Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kuingia Uganda na kumng'oa Idi Amin. Mwalimu Nyerere hakutetereka, na Godfrey Binaisa, aliyekuwa na wiki chache tu madarakani Kampala, aliitetea Tanzania mbele ya wenzake. Wakati huo askari wa JWTZ wapatao 20,000 walikuwa bado Uganda, na swali likawa moja: wataondoka lini?

Swali hilo lilijadiliwa Monrovia, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Majibu yake yaliishia kwenye kingo za Mto Kagera, kwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Tazama ramani. Mto Kagera unapanda kaskazini ukiitenganisha Karagwe na Rwanda, unafika pale mipaka ya nchi tatu inapokutana karibu na Kagitumba, kisha unakata kwenda mashariki ukiitenganisha Kyerwa na Uganda. Ukisimama Murongo unaiona Kikagati ng'ambo. Watu wa pande zote mbili wanaelewana lugha, wanaoleana na kuuziana ndizi, kahawa na ng'ombe. Wakati wa vita Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe; ilipata kuwa wilaya 2012. Hapa vita ya jirani haisomwi gazetini tu. Inavuka mto kwa miguu.

Mjadala wa kuondoa majeshi haukuanza 1979. Septemba 1972 wapiganaji wa Milton Obote, aliyekuwa amepewa hifadhi Tanzania baada ya kupinduliwa na Idi Amin Januari 1971, walivuka kwenda Masaka na Mbarara wakapigwa vibaya. Amin akajibu kwa kushambulia miji ya Tanzania kwa ndege. Somalia ikasuluhisha, na Oktoba mwaka huo ukatiwa saini Mkataba wa Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake angalau kilomita 10 kutoka mpakani.

Kwenye karatasi, mkataba huo ulikuwa wa amani. Lakini mimi naamini ulichangia kuuacha ukanda ule bila ulinzi wa maana. Amin alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 alikuta upinzani mdogo. Aliteka eneo lote la kaskazini ya mto, ambalo leo ni sehemu ya Missenyi, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Raia waliuawa, wanawake walitekwa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu. Barabara ya kutoka Karagwe kwenda Bukoba hupita Kyaka, kwa hiyo wilaya nzima ilijikuta ikiishi mlangoni mwa vita.

Novemba 2 Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo na nia ipo. Haikupita nusu mwezi, Amin akatangaza kwamba anaondoa majeshi yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka pande zote zisimamishe vita. Nyerere alikataa kusuluhishwa kama vile kosa lilikuwa la wote wawili, na kwa watu wa mpakani huo ulikuwa uamuzi sahihi. Mvamizi anayerudi nyuma kwa hiari yake anaweza pia kurudi mbele kwa hiari yake.

Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa yameingia Uganda, zamu ya kuamuru ikamfikia Muammar Gaddafi wa Libya. Aliipa Tanzania saa 24 iondoe majeshi yake Uganda, la sivyo Libya ingeingia vitani, ingawa askari wake walikuwa tayari wakipigana upande wa Amin. Ndege ya Libya ilitumwa kuishambulia Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua swala waliofugwa huko. Aprili 11 Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda, na mwanzoni mwa Juni vikosi vilifika mpaka wa Sudan.

Kuanzia hapo ugumu ulibadilika sura. Waganda waliowapokea askari wetu kwa nderemo, wakawaita bakombozi, walianza kuchoka. Rais Yusuf Lule, aliyeapishwa Aprili 13, aliondolewa Juni 20 na chombo cha chama chake mwenyewe, UNLF, naye akahifadhiwa Dar es Salaam kwa muda. Watu wa Kampala waliingia barabarani kumdai, na waliokuwa wakilinda barabara hizo ni askari wa Tanzania. Mei 1980 Binaisa naye aling'olewa na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, JWTZ ikiwa pale pale, haikuzuia. Kuanzia siku hiyo hoja kwamba jeshi letu lipo kwa ajili ya usalama tu na wala haliegemei upande ilikuwa ngumu kuaminika.

Waliotaka majeshi yaondoke walikuwa na hoja nzito. Kenya haikufurahia jirani mwenye silaha kiasi kile, wakati mpaka wake na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu 1977. Nyumbani hazina ilikuwa tupu. Vita iligharimu takriban dola milioni 500, mafuta yalipanda bei, na miezi 18 ya kufunga mikanda ambayo Mwalimu aliwaomba wananchi ilipita bila nafuu. Sabuni, chumvi na mafuta ya taa viliadimika, na kahawa ya Karagwe ikawa inavushwa usiku kwa magendo. Askari waliokuwa mbali na nyumbani kwa miaka miwili, wengi wao mgambo waliotoka mashambani, walikuwa wanachoka na nidhamu ilikuwa inalegea.

Waliotaka wabaki nao hawakuwa wajinga. Jeshi la Amin lilikuwa limesambaratika bila kunyang'anywa bunduki zake zote. Jeshi jipya, UNLA, lilikuwa makundi ya watu waliotiana shaka, kila kundi na kiongozi wake. Askari wetu wakiondoka, nani atasimama katikati?

Uchaguzi wa Desemba 10, 1980 ulifanyika askari wa Tanzania wapatao 10,000 wakiwa bado nchini. Chama cha Obote, UPC, kilitangazwa mshindi, chama pinzani cha DP kikalalamika kwamba kimeibiwa, na Februari 6, 1981 Yoweri Museveni akaishambulia kambi ya Kabamba akiwa na kundi dogo lenye bunduki 27. Walitaka ghala la silaha. Walishindwa kulifungua kwa sababu lilikuwa likilindwa na askari wa Kitanzania waliokuwepo kulifundisha jeshi jipya. Miezi minne baadaye, Juni 1981, vikosi vya mwisho vilirudi nyumbani, na vita ya Museveni huko Luwero ikaendelea hadi Januari 1986.

Nasema hili nikijua wapo wasiokubaliana nami: Tanzania haikukosea kuondoka. Ilikosea kuiacha kazi ya siasa ifanywe na upande mmoja chini ya kivuli cha bunduki zake. Kama muda uleule uliotumika kulinda barabara za Kampala ungetumika kuhakikisha uchaguzi unaaminiwa na walioshindwa, tarehe ya kuondoka isingekuwa na uzito mkubwa hivyo. Tuliondoa askari, tukaacha kinyongo.

Kinyongo hicho kilivuka mto. Oktoba 1982 utawala wa Obote na wafuasi wake magharibi mwa Uganda waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda katika maeneo ya Mbarara. Wengi walikimbilia Rwanda. Wengine walivuka Kagera wakaingia Karagwe na mifugo yao. Vijana wa familia hizo walijaa katika jeshi la Museveni, na Oktoba 1, 1990 baadhi yao walivuka Kagitumba kuingia Rwanda na bunduki. Miaka minne baadaye yakaja mauaji ya kimbari, na wilaya ya Karagwe ikajaa kambi za wakimbizi: Kagenyi, Chabalisa, Rubwera. Misitu ilikatwa kwa kuni, visima vikakauka, silaha zikaanza kuuzwa kama bidhaa, na kwa miaka mingi mabasi yalipita mapori ya Kagera yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Sisemi uamuzi wa 1981 ndio ulioleta yote haya; Rwanda ilikuwa na moto wake. Lakini kuni nyingi zilitoka Uganda.

Askari wetu wengi waliokufa katika vita dhidi ya Amin wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mamia ya makaburi katika mistari iliyonyooka, na kila Julai 25 taifa huwakumbuka mashujaa wake. Ni haki yao. Ila katika kumbukumbu zetu miaka miwili ya baada ya ushindi, miaka migumu kuliko vita yenyewe, haina siku yake wala sura ya maana katika vitabu vya shule.

Na tunaihitaji sasa. Desemba 2023 Tanzania, Malawi na Afrika Kusini zilianza kupeleka askari mashariki mwa Kongo chini ya SADC, kuisaidia serikali ya Kinshasa dhidi ya waasi wa M23. Januari 2025 Goma ilianguka na askari hao wakabaki kambini, wamezungukwa. Februari 8 viongozi wa SADC na Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam wakataka vita isimame. Machi 13 SADC ikaamua kufunga kazi hiyo. Kuanzia mwisho wa Aprili misafara ilipita Rwanda kuingia Tanzania kuelekea Chato, ng'ambo ya hifadhi ya Burigi kutoka Karagwe.

M23 walibaki Goma, wakiwa na silaha zao na utawala wao. Familia zilizokimbia Kivu bado zinatafuta pa kulala Uganda, Burundi na hapa kwetu. Katika mijadala ya lini askari waondoke Kongo, sijasikia kiti kilichotengwa kwa ajili ya wilaya za mpakani, ambazo ndizo zitakazopokea wakimbizi na bunduki kama mambo yatakwenda mrama. Wabunge wa Karagwe na Kyerwa wana haki ya kukidai.