Gofu ya Visahani na Asili ya Viwanja Vifupi

Gofu ya visahani hufuata kanuni za gofu ya kawaida, isipokuwa kwamba mchezaji hapigi mpira kwa fimbo bali hurusha kwa mkono kisahani cha plastiki hadi kwenye shabaha, na mshindi ni yule anayemaliza mzunguko kwa mirusho michache zaidi. Katika hoteli za mapumziko za Marekani, hasa zile za milimani ambazo wakati wa baridi huwategemea wageni wanaoteleza kwenye theluji na wakati wa kiangazi hulazimika kuwatafutia wageni shughuli nyingine, mchezo huu wakati mwingine huchezwa kwenye viwanja vifupi vyenye shabaha 9 badala ya 18. Viwanja hivyo hudhaniwa kuwa nakala hafifu ya mchezo halisi, dhana ambayo historia haiiungi mkono.

Watu walikuwa wakilenga miti, nguzo na mapipa ya taka kwa visahani muda mrefu kabla ya kuwapo kwa chama chochote. Kilichokosekana ni mahali pa kudumu na shabaha isiyozua ubishi, na yote mawili yalipatikana kwa juhudi za Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa Wham-O, kampuni iliyotengeneza visahani vya Frisbee. Mwaka 1975 kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa kwenye bustani ya umma ya Oak Grove, jimboni California, na mwaka uliofuata Headrick akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA.

Shabaha za mwanzo za Oak Grove zilikuwa nguzo tupu, na kisahani kilichoigusa nguzo kidogo tu kisha kikapita kiliwaacha wachezaji wakibishana. Dawa yake ilikuwa kikapu cha minyororo, ambacho Headrick alikipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1977. Minyororo huning'inia kutoka kwenye duara la chuma lililo juu ya nguzo, ikikutana kuelekea chini, na kisahani kinachofika kikizunguka kwa kasi huipiga, hunaswa kati yake, hupoteza nguvu na kuangukia kwenye kikapu kilicho chini, huku mlio wa chuma ukiwatangazia wote kwamba shabaha imepatikana. Uvumbuzi huu ndio uliouwezesha mchezo kuenea, kwa kuwa kikapu husimikwa mahali popote, hata kwenye mteremko au kati ya miti, bila kuhitaji kutunza nyasi laini.

Mwaka 1983 Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Innova, alibuni kisahani chenye ukingo mwembamba uliochongoka, kilichokata hewa na kwenda mbali kuliko Frisbee pana ya awali, hivyo viwanja vya mashindano vikalazimika kurefushwa. Urefu huo, basi, ni nyongeza ya baadaye, na kwa umbali wa mirusho kiwanja kifupi cha hotelini ndicho kilicho karibu zaidi na mchezo wa 1975, uliokusudiwa mtu yeyote mwenye kisahani kimoja mkononi. Wenye hoteli wanaotaka kuandaa kiwanja wafuate kipimo hicho cha zamani, wala wasiige vile vya mashindano.