Maandishi ya Pembeni: Vitabu vya Shule vya Jamaa Moja ya Kilimanjaro kama Chimbuko la Historia ya Kanisa

Waandishi wa historia ya Kanisa letu wamezoea kuanza kazi yao kwenye daftari za ubatizo na kumbukumbu za mikutano ya wazee, kisha huzitafuta barua na taarifa ambazo wamisionari walizipeleka Ujerumani. Njia hiyo ni njema, nasi wenyewe tumeifuata kwa miaka mingi na kuwafundisha wanafunzi wetu waifuate. Lakini daftari la ubatizo liliandikwa na aliyebatiza, na taarifa iliandikwa na mtu aliyetaka kueleza kazi yake kwa wale waliomtuma. Je, aliyebatizwa aliandika wapi? Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa sehemu tu, kwa kutazama vitabu vichache vya shule vilivyokutwa katika nyumba moja kwenye miteremko ya Kilimanjaro, pamoja na maandishi ya mkono yaliyomo ndani yake. Majina ya jamaa na ya usharika tumeyaacha, kwa makubaliano na wenye vitabu.

Pengine msomaji ataona kwamba maandishi ya pembeni mwa kitabu cha mtoto wa shule ni jambo dogo lisilostahili kurasa za jarida la theolojia. Sisi Walutheri hatuwezi kusema hivyo kwa urahisi. Mwaka 1513, Martin Luther alipojitayarisha kufundisha Zaburi katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, mpiga chapa Johann Rhau-Grunenberg alimchapia Zaburi za Kilatini zenye nafasi pana kati ya mistari na pembeni, ili mwalimu na wanafunzi wake wapate mahali pa kuandika. Nakala ya Luther mwenyewe imehifadhiwa Wolfenbüttel mpaka leo. Alifanya vivyo hivyo alipofundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516. Na mafundisho hayo, ambayo leo hakuna anayeweza kueleza chanzo cha Matengenezo bila kuyataja, hayakuchapwa kikamilifu hadi mwaka 1908, Johannes Ficker alipoyatoa. Kwa karibu miaka mia nne Kanisa liliishi bila kuyasoma yale ambayo mwalimu wake aliyaandika pembeni mwa kitabu cha darasani.

Vitabu tunavyovizungumzia vilikuwa vinne, ndani ya sanduku la bati, chini ya khanga mbili na cheti cha kipaimara. Mama mwenye sanduku alifariki akiwa amepita umri wa miaka tisini, nasi tulikuwa tumekwenda kumaliza matanga. Watoto wake walituomba tukae wakati sanduku linafunguliwa, asije mmoja akasema mwenzake ameficha kitu. Hapakuwa na fedha. Palikuwa na kitabu cha Kichagga cha kujifunzia kusoma, kisicho na jalada. Katekisimo Ndogo kwa Kiswahili. Kitabu cha hesabu cha wakati wa Waingereza. Na kitabu cha nyimbo ambacho panya walikuwa wamekila kiasi cha kutotufaa kitu. Kijana mmoja alishauri vitupwe. Dada yake mkubwa akamwambia kwamba mama hakuviweka miaka yote hiyo ili yeye avitupe.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini watu waliandika mambo ya nyumbani katika vitabu vya shule. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza Machame. Mamba ilifuata mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896. Penye kituo palikuwa na shule, na shuleni wanafunzi waliandika juu ya vibao vya mawe. Kibao hufutwa. Alichokiandika mtoto asubuhi hakikuwapo jioni, na karatasi nyumbani haikuwapo kabisa. Kitabu cha kusomea, chenye ukurasa mmoja mtupu mwanzoni na mwingine mwishoni, ndicho kilichokuwa karatasi pekee ya nyumba nzima. Kwa hiyo kurasa hizo mbili zilibeba mizigo ambayo mpiga chapa hakuitarajia: mwezi aliozaliwa mtoto, ng'ombe aliyewekwa kwa jirani, deni, msiba, na mpaka wa shamba.

Nyingi kati ya kumbukumbu hizo hazina tarehe, wala haikosi mtafiti kukata tamaa anapoziona mara ya kwanza. Sisi tulisaidiwa na fedha. Katika kitabu cha kusomea madeni yameandikwa kwa rupia na heler, na tunajua kwamba katika koloni la Wajerumani rupia iligawanywa katika heler mia moja kuanzia mwaka 1904. Chini yake, kwa mkono uleule uliokomaa, madeni yanahesabiwa kwa shilingi na senti, fedha ya Waingereza iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika kitabu cha hesabu mna ratili za kahawa zilizopelekwa kwenye chama. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933. Hivyo mtu asiyeandika mwaka hata mmoja ametuachia kalenda bila kukusudia.

Mwandishi huyo alikuwa baba wa mama tuliyemzika. Alianza shule akiwa mvulana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye alisaidia kufundisha. Wamisionari wengi wa Kijerumani walipofukuzwa nchini mwaka 1920, hata wakaruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, walimu wenyeji ndio walioendesha shule na ibada za Jumapili katika sehemu nyingi. Historia zetu hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja ya sifa, kisha huendelea. Katika kitabu hiki, pembeni mwa ukurasa wenye silabi, kuna majina kumi na saba yaliyoandikwa kwa safu, na mbele ya kila jina vijistari vya penseli. Tulichukua muda kutambua kwamba ni mahudhurio. Mtu fulani, bila daftari na bila mshahara wa uhakika, alihesabu waliokuja, akaona kwamba ni wajibu wake kujua nani hakuja. Katika karatasi za usharika za miaka ile hatukukuta orodha nyingine.

Katekisimo ndiyo iliyotushughulisha zaidi kama walimu wa theolojia. Msomaji anakumbuka mvutano wa lugha uliokuwapo. Wamisionari wa Leipzig walihubiri na kufundisha kwa Kichagga, na Bruno Gutmann aliishikilia lugha hiyo kwa nguvu nyingi, hata Agano Jipya lake la Kichagga likatolewa mwaka 1939. Upande wa pili Kiswahili kilikuwa kinapanda: Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, shule zikataka vitabu vya Kiswahili sanifu, na Biblia nzima ya Karl Roehl kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1937. Wakubwa walibishana kwa makala na mikutano. Mwalimu wetu huyu alisuluhisha ugomvi wao kwa penseli. Juu ya neno Mungu katika amri ya kwanza ameandika Ruwa, jina ambalo Wachagga waliliitia mbingu na Mwenyezi kabla ya kuja misheni, na ambalo misheni yenyewe ililipokea. Ameendelea hivyo, neno kwa neno, katika amri zote kumi na sehemu ya Imani. Penye neno neema amepiga mstari chini yake, kisha juu yake hakuandika kitu. Ukurasa unaofuata neno hilo linarudi, na mstari unarudi, na nafasi ni tupu tena. Hatujui kama alikosa neno au aliona kwamba maneno yaliyokuwapo hayatoshi. Sisi tumefundisha somo la neema muhula baada ya muhula, wala hatukupata kuiacha nafasi hiyo wazi mbele ya wanafunzi.

Katika kitabu cha hesabu jina la mwanawe wa kiume limeandikwa kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Chini kabisa, kwa penseli na kwa herufi ndogo kama chungu, pana jina la binti, yaani marehemu. Watoto wake walitueleza kwamba mama yao hakupelekwa shule. Alipata mafundisho ya kipaimara tu. Lakini majibu ya maswali ya kugawanya, tangu katikati ya kitabu hadi mwisho, yapo kwa mwandiko wa lile jina dogo. Mengi ni sahihi.

Sasa tunafikia ukurasa wa mwisho wa kile kitabu cha kusomea, ambao kwa ajili yake tumeandika makala hii. Una mistari mitano ya Kichagga, ya wakati wa rupia, kwa mkono wa mvulana aliyejifunza kuandika si siku nyingi. Mvulana anaandika kwamba baba yake amebatizwa na amepewa jina jipya. Anaandika kwamba mama yake ametoka, amekwenda kwa kaka yake. Anataja mbuzi wawili alioondoka nao, na kipande cha kihamba alichoachiwa, tangu mfereji hadi masale. Hakuna neno la kulaumu wala la kulia. Misheni nyingi za Kiprotestanti wakati ule zilimtaka mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja kabla ya kubatizwa. Tumeisoma kanuni hiyo katika vitabu, tumeijadili darasani, tumeipima kwa Maandiko. Ila hatukuwahi kuiona imeandikwa na mtoto wa mke aliyetoka. Chini ya mistari hiyo, kwa mkono wa mtu mzima, umeongezwa mmoja: jina la ubatizo la mama yake, msalaba mdogo, na mwaka 1927. Kumbe alibatizwa naye, miaka mingi baadaye.

Ukoo haukuyajua hayo. Watoto wa marehemu walilelewa wakiambiwa kwamba bibi mzaa babu yao ni yule mke aliyebaki, ambaye picha yake imo sebuleni. Yule aliyetoka walimsikia akitajwa kama shangazi fulani wa tambarare. Tulipousoma ukurasa kwa sauti palikuwa kimya, kisha mzee mmoja akauliza kama masale yale yangali yapo. Yapo. Mchagga yeyote anajua kwamba sale ni alama ya mpaka, na kwamba jani lake ndilo hupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Usharika ule ulikuwa unatayarisha kijitabu cha jubilei, nasi tulikuwa tumeombwa kuandika sehemu ya historia. Tuliingiza habari za ukurasa huo kwa adabu, bila jina. Kamati ikatuomba tuiondoe, kwa sababu aliyebatizwa yumo katika orodha ya Wakristo wa kwanza wa mahali pale, na kila mtu angemtambua. Wakasema sikukuu si siku ya kufukua makaburi. Tulijiambia kwamba wanakamati ni wenye usharika na sisi ni wageni, tukaiondoa. Kijitabu kikachapwa. Orodha ya Wakristo wa kwanza imo, majina ya wamisionari yamo, idadi ya waliobatizwa imo. Siku ya jubilei yule dada mkubwa alitufuata nje ya kanisa akiwa na kijitabu mkononi, akatuuliza kwa upole kabisa, Mchungaji, bibi yetu yuko ukurasa wa ngapi?

Tulimjibu kwamba hayumo. Hatukumwambia kwamba tuliondoa sisi, naye alikuja kuyajua kwa mtu mwingine. Baadaye tulirudi nyumbani kwake, tukakaa naye na wadogo zake, na wao ndio waliotaka jambo hili liandikwe mahali ambapo wanafunzi wa uchungaji watalisoma. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba babu yao asichorwe kama mtu mbaya. Hatuoni kwamba alikuwa mtu mbaya. Alifanya alivyoagizwa na watu aliowaamini, na alimwachia mkewe ardhi, jambo ambalo kanuni ya ubatizo haikulidai. Kama lipo la kuulizwa, tuulizwe sisi tuliorithi daftari lile tukaridhika nalo.

Kwa ndugu zetu wachungaji walioko sharikani tuna ombi la kazi. Nyumba za wazee zinapofungwa, karatasi huchomwa mapema kuliko nguo. Ulizeni kabla ya moto. Msivichukue vitabu kuvipeleka chuoni wala dayosisini, kwa maana vikiondoka nyumbani hupoteza watu wanaoweza kuzisoma herufi zake na kusema mfereji uliotajwa ni upi. Pigeni picha kila ukurasa, hata uliotupu, na mwandike pembeni aliyewasomea. Penseli isifutwe, wala kurasa zilizolegea zisigandishwe kwa utepe wa plastiki, unaokula karatasi. Sanduku la bati linafaa, likiinuliwa kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa.

Vile vitabu vinne viko kwa yule dada mkubwa. Tulipomtembelea mara ya mwisho alitoa kitabu cha kusomea, akatuonyesha kwamba chini ya mwaka 1927 amejaza kwa kalamu ya wino jina la mama yake na siku aliyozikwa. Nafasi iliyobaki chini yake ni kama ya majina mawili, watatu wakiandika kwa herufi ndogo.