Hesabu za Mahoko, darasani na sokoni

Wapo waliotoka shuleni hapa Mahoko, Rwanda, wakiitwa vichwa vigumu kwa sababu ya somo moja tu, hesabu. Nimelifundisha somo hilo miaka mingi, na nasema wazi: wengi wao walionewa.

Misheni ya Nyundo, jirani zetu, ilifunguliwa mwaka 1901, na shule ikaja nayo. Lugha ya kufundishia ndiyo haijatulia. Waliotutangulia walimaliza shule ya msingi kwa Kifaransa. Mageuzi ya 1979 yakaleta Kinyarwanda katika madarasa yote na kurefusha shule ya msingi hadi miaka minane. 1991 ikarudi kuwa sita. Mwaka 2008 serikali ikaamua Kiingereza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishiwa Kinyarwanda, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba nayo yatafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliulizwa bei ya kilo saba za viazi kwa lugha asiyoielewa, akakosa, akaandikiwa sifuri. Jioni mtoto huyohuyo alikuwa sokoni na mama yake, anampimia viazi mteja aliyetoka Goma, anapokea faranga za Kongo, anarudisha chenji kwa faranga zetu, wala hashiki kalamu.

Lakini yupo na mwingine, ambaye hata sokoni namba zinamgomea. Nilimfundisha msichana wa namna hiyo. Alisoma vizuri, akasimulia hadithi kuliko wote. Kwenye igisoro, bao letu la mashimo 32 na kete 64, wenzake walitupa jicho tu wakajua shimoni mna kete nne. Yeye alizigusa moja moja, kila mara upya. Alichapwa kwa uvivu ambao hakuwa nao.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Ladislav Košč wa Bratislava aliieleza hali hiyo, diskalkulia, kuwa ni ugumu wa kuzaliwa nao unaoweza kumpata hata mtoto mwenye akili timamu. Alipowapima watoto wa miaka 11, takriban 6 katika kila 100 walikuwa nayo. Kwa darasa la watoto hamsini, hao ni watatu. Mtihani wa taifa unawapa alama ileile anayopewa aliyekwama kwenye lugha, ingawa msaada wanaouhitaji si mmoja.

Siku hizi mtoto akishindwa hesabu, kwanza namwekea sarafu mezani na kumuuliza kwa Kinyarwanda.